Kidonge cha Jumatatu

Zahanati ya bondeni
4 Februari

Kaka,

Najua Mama amekaa pembeni anasikiliza, basi kwanza shikamoo Mama. Miguu yako inasemaje? Usimruhusu Kaka akusomee haraka haraka kama anayesoma maelekezo ya boksi la dawa. Akiharakisha, mrudishe mwanzo.

Simu nimeifungia kabatini. Huku mnara haufiki, nilikuwa naitoa kutazamia saa tu. Barua zangu atazibeba dereva wa lori la mbolea, yule mnene anayeimba. Anashuka bondeni mara moja au mbili kwa mwezi, kutegemea barabara na mapenzi ya gari lake.

Zahanati ina vyumba viwili na veranda. Chumba kimoja ni cha sindano na vidonda, cha pili cha kuzalishia, na veranda ndiyo kila kitu kilichobaki. Mume wangu amenitengenezea kabati la dawa ambalo milango yake inafunga sawasawa, jambo ambalo wakubwa wa kazi hawajawahi kuniletea. Seremala akikupenda utamjua.

Nina neno nataka umuulize daktari wa moyo hapo hospitalini kwenu. Kuna watoto huku wanachoka. Si uvivu. Mtoto alikuwa anakimbia na wenzake, baada ya miezi michache unamkuta amekaa chini katikati ya njia. Midomo inakuwa rangi ya wino. Miguu inavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Wawili walifariki kabla sijahamia, mmoja amefia mikononi mwangu mwezi uliopita. Sasa kuna binti wa miaka sita. Hospitali ya wilaya walimpiga eksirei, na kwenye picha moyo umejaa kifua kizima kama boga. Wamempa dawa za kupunguza maji mwilini, ndizo ninazompa. Mama yake ananisumbua kila siku: muuguzi, mwanangu atapona?

Binti yetu, Chiriku wenu, hajambo. Anaongea kama kawaida yake.

Mdogo wako

*

Famasi ya hospitali kuu
26 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika ikinuka mbolea. Mama ameisikiliza, akairudia, akasema miguu yake ni ya kwake na ataichunga mwenyewe. Analalamika kwamba Chiriku hamchorei picha siku hizi. Miaka miwili aliyomlea hapa alikuwa anaamshwa na maneno ya yule mtoto kabla jogoo hajajua kumekucha, na sasa anasema nyumba imekuwa kimya kama benki. Mwambie amchoree bibi yake kitu, hata kuku.

Maneno yako nilimpelekea daktari wa moyo. Ni mama mmoja mkali, kwa kawaida ukimfuata na swali anakujibu huku anatembea. Safari hii alisimama. Aliniuliza watu wa huko wanakula nini. Nikamweleza kama ulivyoniambia, kwamba kila kinachopikwa bondeni kimelimwa bondeni, na duka lenu halina zaidi ya sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Akauliza kuhusu udongo, kama mvua zimeuosha miaka na miaka. Kisha akasema neno moja: seleni.

Nikuambie kama alivyoniambia. Seleni ni madini. Mwili unataka chembe tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, lakini chembe hiyo ikikosekana nyama ya moyo inabaki haina kinga. Inaharibika pole pole na kutanuka mpaka moyo unakuwa mfuko uliolegea. Sisi tunaipata kwenye chakula, na chakula kinaipata kwenye udongo. Kama udongo hauna, sufuria nayo haina. Duniani kuna mahali watoto walikuwa wanakufa hivyo hivyo, wakapewa chumvi ya seleni, na vifo vikapungua sana.

Ila ujue madini haya yana sura mbili. Ukizidisha ni sumu. Nywele zinanyonyoka, kucha zinang'oka, pumzi inanuka kama kitunguu saumu, na mishipa ya fahamu inaumia. Nafasi iliyopo kati ya kufaa na kudhuru ni finyu.

Daktari anataka damu. Toa kwa watoto wagonjwa na wazima pia, uiweke kwenye barafu, umpe dereva.

Kaka yako

*

Zahanati ya bondeni
19 Machi

Kaka,

Damu hiyo hapo. Dereva nimemwapisha asilifungue lile boksi kutafuta maji ya baridi. Ameniuliza kama ni nyama.

Kuwatoa damu watoto wazima ilikuwa kazi. Akina mama wananiuliza, huyu anaumwa nini, nami nasema haumwi kitu, nao wanasema basi mwache. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akakunja shati akataka nianze na yeye, ili waone. Nikamtoa. Alizimia. Baada ya hapo watoto walijipanga wenyewe, kila mmoja anataka kuonyesha kwamba yeye hazimii.

Picha ya Mama ndani ya bahasha. Ni kuku. Chiriku alimchora akiwa kitandani, maana siku hizi anapenda kuchorea kitandani.

Kaka, muulize daktari wako juu ya yule binti wa miaka sita. Kama ni kweli ni hiyo seleni imekosekana, akipewa, moyo utarudi? Muulize hivyo hivyo, usizungushe. Yule mama ananikalia kooni.

Mdogo wako

*

Famasi ya hospitali kuu
22 Aprili

Mdogo wangu,

Kwanza kuku. Mama amembandika juu ya kitanda chake. Alicheka kwamba miguu ya huyo kuku ni minene kuliko mapaja yake, akasema mtoto amesahau kuku walivyo.

Sasa majibu. Daktari aliyaweka mezani akanigeuzia karatasi. Watoto wote uliowapima, waliovimba na wanaocheza, wako chini kabisa. Maana yake wagonjwa si wale tu unaowaona. Bonde zima liko kwenye foleni.

Boksi hili lina vidonge vya sodiamu selenaiti, ndiyo hiyo chumvi yenyewe. Mtoto anapewa kidonge kimoja, mara moja kwa wiki, basi. Chagua siku, akimeze mbele yako. Usimpe mzazi apeleke nyumbani, kwa sababu watu wakiona dawa inafaa wanaongeza.

Kuhusu yule binti, nilimuuliza daktari. Watoto wana nguvu ya ajabu. Mpe kama wenzake, na umwambie mama yake avumilie, mambo yatakaa sawa taratibu.

Nimejivunia kazi yako. Hapa famasi nawaambia watu kwamba mdogo wangu amegundua ugonjwa kwa kuangalia miguu ya watoto.

Kaka yako

*

Zahanati ya bondeni
14 Mei

Kaka,

Tumechagua Jumatatu. Watu wanakuja mapema kuliko mnadani. Watoto wanameza, wanafungua mdomo, nachungulia chini ya ulimi, wanapita. Kuna mmoja alinificha kidonge shavuni akaenda kumpa mbwa wao aliyekonda. Alisema mbwa naye anachoka. Sikuweza kugomba.

Wazima wanaendelea vizuri. Tangu tuanze hakuna aliyevimba upya, ingawa najua ni mapema mno kusema.

Yule binti naye naona uso wake umechangamka. Au labda nataka kuona hivyo. Anaongea kidogo, anapumzika, anaongea tena. Mama yake amevumilia kama ulivyosema. Aliniuliza hivi: kama kidonge kimoja kinamkinga mtoto mzima, huyu ambaye ameshaishiwa si angehitaji zaidi, kama shamba lililokauka linavyohitaji maji mengi kuliko lenye unyevu? Nilimwambia nitauliza. Ni swali tu.

Mvua zimeanza kwa fujo. Dereva anasema daraja linatikisika akipita, na kwamba hata yeye ameacha kuimba pale kati.

Mwambie Mama kuku ajaye atakuwa mwembamba.

Mdogo wako

*

Karakana
9 Juni

Shemeji,

Naandika bila mwenzangu kujua. Mwandiko utausamehe, mkono wangu umezoea randa.

Yule binti wa miaka sita mwenye moyo mkubwa ni Chiriku. Mama anayemsumbua muuguzi kila siku ni muuguzi mwenyewe. Alisema hawezi kuandika ukweli kwa sababu barua unamsomea Mama, na presha ya Mama haitabeba. Tena alikumbuka kwamba wewe ndiye uliyetukataza kumleta mtoto huku, hakutaka kukupa neno la kusema. Mimi nilinyamaza. Yeye ndiye mwenye ujuzi.

Mtoto hawezi tena kulala chali, pumzi inamkata. Nimemtengenezea kitanda kinachoinuka upande wa kichwa, kina meno ya kukishikilia kama ya msumeno. Hali ikizidi nakipandisha jino. Sasa analala kama aliyekaa kwenye kiti.

Hilo nimelikubali. Nisiloelewa ni hili. Wenzake wanapewa kidonge kimoja kila Jumatatu. Wetu anapewa kila siku, na tangu mwezi uliopita viwili kwa siku. Nimeona kwa macho yangu. Nywele zinabaki kwenye mto. Kucha zina mistari myeupe, na baadhi zimeng'oka bila kujigonga. Pumzi yake inanuka kitunguu saumu, na sisi hatujanunua kitunguu saumu. Asubuhi anatapika. Mama yake amemfunga kitambaa kichwani, anawaambia watu ni kwa ajili ya jua.

Nilimuuliza mara moja tu. Alinijibu, "Nywele zitaota tena. Moyo hauoti."

Nikishika ubao najua kama umeoza na umeozea wapi. Hapa sijui kinachomla mtoto ni ugonjwa au ni dawa. Wewe ndiye unayezijua dawa, niambie.

Shemeji yako

*

Famasi ya hospitali kuu
20 Juni

Mdogo wangu,

Acha vidonge leo. Kwa Chiriku, sio kwa wengine. Wengine waendelee na kimoja cha Jumatatu, lakini yeye asipate hata nusu. Mpe maji kwa kiasi cha maji anachoruhusiwa, mpe mayai na maziwa akiweza, na usimpe kitu kingine chochote kutoka kwenye lile boksi. Seleni ikikatwa mwili unaitoa wenyewe, pole pole. Nywele na kucha zitarudi.

Usimkasirikie mumeo. Ameandika kwa sababu alikuwa peke yake.

Sasa na mimi niseme. Ile siku ya majibu nilimuuliza daktari swali lako vilevile ulivyotaka, bila kuzungusha. Alinijibu bila kuzungusha. Alisema vidonge ni vya wale ambao moyo bado ni mzima, vinazuia. Moyo uliokwisha kutanuka kiasi kile seleni haiurudishi, hata ukimpa gunia. Kinachobaki ni dawa za maji na za kuusaidia moyo usukume, na kumweka mtoto mahali patulivu. Hayo ndiyo aliyosema.

Nami nikakuandikia kwamba watoto wana nguvu ya ajabu. Nilidhani ni mtoto wa watu. Nilisema huyu mdogo wangu yuko peke yake bondeni na foleni ya watoto, nimpe moyo wa kufanya kazi, huyo mmoja hata hivyo hatuna la kumfanyia. Ningekuambia ukweli usingemjaza vidonge. Ungejua hakuna unachokitafuta mle.

Daktari anasema mleteni mjini. Nikamwambia daraja linatikisika. Akasema basi aletwe sasa. Nimeomba likizo.

Mama hajui. Barua ya shemeji nilimwambia ni ya kazini.

Kaka yako

*

Zahanati ya bondeni
3 Julai

Kaka,

Barua yako imevuka mto kwenye ndoo. Daraja lilienda na maji siku chache kabla. Vijana wa huku wamefunga kamba kwenye mti wa kila upande, wanavuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Unga, betri, barua. Ndiyo njia yetu yote.

Nimeacha kumpa. Niliacha siku ile ile, nikiwa nimesimama na kopo mkononi.

Uliandika nimwambie mama yake avumilie. Nilimwambia. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo cha kunawia mikono, namwambia, vumilia, Kaka amesema mambo yatakaa sawa taratibu. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Wewe ulikuwa unaniandikia kama unavyowaandikia ndugu wa wagonjwa, na mimi nilikuwa nakusoma kama mtoto anavyomsoma kaka yake. Hivyo ndivyo tulivyompoteza huyu mtoto njiani, katikati yetu.

Nimekasirika nawe na sina nguvu ya kukasirika. Maana hata ungeniambia, Kaka, ningefanyaje? Ungesema havirudishi moyo, na mimi ningekaa na boksi zima la vidonge kwenye kabati zuri la mume wangu, nikimtazama. Usiape kwamba nisingempa. Mimi mwenyewe siwezi kuapa.

Aliponyonyoka nywele aliniuliza kama anageuka mzee. Nilimwambia ndiyo, kidogo, atarudi utotoni baadaye. Aliridhika na jibu hilo. Alitaka kujua tu kama na meno yatang'oka, maana ameng'oa mawili tayari na alidhani ni mambo yale yale.

Kumleta mjini hakuna njia. Kuzunguka kupitia mlimani ni kwa miguu, na mtoto hawezi hata kufika chooni bila kubebwa. Mume wangu alisema atambeba. Nilimwambia apande na gunia la mbao la uzito ule ule kwanza. Alipanda. Alirudi, akaingia karakana.

Dawa za maji zinaisha.

Mdogo wako

*

Nyumba ya wageni, ng'ambo ya mto
24 Julai

Mdogo wangu,

Hii inavuka na mfuko wa dawa. Za maji nimeziandikia kwa wino mwekundu, za moyo kwa bluu. Hizi za bluu usizidishe hata kwa chembe. Samahani, sikutaka kuandika hivyo, lakini naacha yabaki.

Nilipanda na dereva wetu. Mto nilikuwa naufikiria kama mto, sikuufikiria hivi. Nguzo za daraja zimesimama katikati ya maji kama watu waliosahau walichofuata. Niliwauliza wale vijana kama kamba inaweza kunivusha. Walinipima kwa macho kuanzia viatu, wakasema inabeba ndoo. Kuna mtu alijaribu wiki iliyopita, mpaka leo hajaonekana. Nikawaambia mimi nina uzito mdogo. Dereva akanishika mkono, akanivuta nyuma kama mtoto.

Leo asubuhi shemeji alikuja ukingoni upande wenu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe. Alikuwa amembeba Chiriku mabegani. Ni umbali wa kurusha jiwe kama una mkono mzuri, lakini maji yananguruma kiasi kwamba hata dereva aliyesimama kando yangu ilibidi anipigie kelele. Nilitafuta uso wako. Shemeji alinichorea tumbo kubwa hewani kwa mkono mmoja, nikaelewa uko ndani unazalisha.

Chiriku nilimtambua kwa mdomo. Kitambaa cha njano kichwani, uso umevimba, mikono kama vijiti, lakini mdomo unafanya kazi. Aliongea, mdogo wangu. Alikuwa anasimama kuvuta pumzi, kichwa kinalalia cha baba yake, kisha anainuka na kuendelea, ananyoosha kidole huku na kule. Sikupata hata neno moja. Nilijionyesha masikio kwamba sisikii. Alicheka, akaendelea tu. Mwishowe kila akinyamaza nikawa naitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelewa. Shemeji aliponiona naitikia aligeuka pembeni.

Nimeleta likizo yangu yote hapa ukingoni na haina pa kwenda. Mafundi wa daraja wanasema mwezi, wanasema miwili. Kesho lori linarudi na lazima nipande nalo, Mama yuko na jirani tu.

Nakuomba jambo moja. Muulize Chiriku alikuwa ananiambia nini.

Kaka yako

*

Zahanati ya bondeni
16 Septemba

Kaka,

Hii msomee Mama yote. Usiruke mstari, na usimfanyie tafsiri. Mshike mkono kabla ya kuendelea.

Mama, Chiriku amefariki. Alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu mwaka jana, tukakuficha, mimi na Kaka, kila mmoja kwa njia yake. Si Kaka aliyeanza.

Ilikuwa mchana. Kitanda chake tulikuwa tumekihamishia veranda ili aone watu. Nilikuwa ndani namchoma mzee mmoja sindano, namsikia Chiriku anamweleza baba yake habari ya sisimizi. Sentensi ikakatika. Nilimaliza kusukuma dawa kwanza, maana sindano ilikuwa imeshaingia, kisha nikatoka. Baba yake alikuwa bado anasubiri amalizie.

Tumemzika juu ya zahanati, penye upepo. Wanaume wote wa kijiji walichimba, hata mwenyekiti, na safari hii hakuzimia.

Kaka, kuna mambo nataka uyajue wewe kama mfamasia. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Kucha mpya zilikuwa zimefika nusu. Harufu ya kitunguu saumu iliisha kabisa. Dawa zako za bluu zilimpa wiki kadhaa za kulala vizuri. Kwa hiyo sio vidonge vilivyomuua, daktari wako atasema hivyo na ni kweli. Lakini nilimtapisha, nikamnyonyoa na kumng'oa kucha kwa kitu kisichokuwa na msaada kwake, katika siku chache alizobakiwa nazo. Hilo sina wa kumpelekea. Silipeleki kwako pia, unalo lako.

Uliuliza alikuwa anakuambia nini kule mtoni. Nilimuuliza jioni ile ile. Alikuwa anakuelekeza pa kuvukia. Kuna mahali chini kidogo, penye mawe bapa, wachungaji wanapitisha mbuzi wakati wa kiangazi na maji hayafiki magotini. Alisema Mjomba hapajui, ndiyo maana amekaa tu. Alikueleza uanzie kwenye mti ulioanguka, uvue viatu, usitazame chini. Baba yake alimwambia mjomba hasikii. Akasema mbona anaitikia. Basi aliporudi nyumbani alikaa akitazama mlango, na kesho yake pia. Mawe yenyewe yalikuwa mita mbili chini ya maji, lakini hayo hatukumwambia. Tulimwambia viatu vimekushinda kuvua.

Sasa kuna jambo la watu wa huku, na hapa nahitaji akili yako, kama bado ipo akili iliyobaki.

Hawaji tena. Walimwona mtoto wa muuguzi ana kitambaa, upepo ukakivuta siku moja wakaona kichwa. Walijua anakula vidonge vya Jumatatu. Kisha akafa. Wewe ungefikiri nini? Jumatatu ya kwanza baada ya maziko walikuja wachache, kwa heshima, wakanipa pole, wakaondoka bila kumeza. Jumatatu iliyofuata veranda ilikuwa tupu. Nimekwenda nyumba kwa nyumba. Nimewaambia ukweli wote, kwamba moyo wake ulikuwa umeharibika kabla, kwamba nilimpa nyingi mno kwa tamaa ya mama, kwamba kimoja kwa wiki hakinyonyoi unywele hata mmoja. Wananisikiliza vizuri. Wananikaribisha kiti. Mmoja aliniambia, kama wewe uliyesomea ulikosea kwa mwanao, sisi utatukosea mara ngapi? Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli.

Jana mama mmoja alikuja na binti yake. Ni rika la Chiriku, walikuwa wakichora pamoja mavumbini. Nilifungua kopo, nikatoa kimoja, nikakiweka kwenye kifuniko. Yule mama alikichukua, akakigeuza kwenye kiganja.

"Hiki ndicho ulichompa wako?"

Nikamwambia ndicho. Nilimpa vingi, huyu wako ni kimoja tu, mpaka Jumatatu nyingine.

Alikitazama kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa ameshafungua mdomo, amezoea. Mama yake akamwambia funga. Akakirudisha kwenye kifuniko taratibu, kama kitu kinachovunjika, akanishika bega, akasema nipumzike, nimekonda.

Wakaondoka. Wanakaa kule juu, njia ni ya kupanda. Mtoto alimwachia mama yake mkono akatangulia mbio, na mimi nikasimama mlangoni nikisikiliza kama anahema.

Mdogo wako